Sijapandisha mashetani, alikuwa mjusi

Wadau, ile video mliyotumiwa na rafiki yangu (rafiki wa mdomoni tu) eti nimepandisha mashetani maabara, subirini mwenye mwili aongee.

Presentesheni yangu ilikuwa utitiri wa mijusi. Sio ule wa kuku, tulieni. Mkague mjusi kafiri wa ukutani vidoleni na chini ya magamba, ukikuta vidoti vyekundu basi mara nyingi ni Geckobia, familia ya Pterygosomatidae. Ndugu zao Pterygosoma wanakaa kwa wale mijusi wa mawe wenye vichwa vya rangi wanaopiga pushapu juani.

Sasa mimi kwa kutaka sifa nikaleta mjusi mzima mzima, nimemshika, brashi mkono wa pili, dokta kakaa mbele kabisa. Mjusi kakata mkia. Mkia unarukaruka mezani, darasa zima macho kwenye mkia, hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye mkia yuko wapi. Mimi nilikuwa najua. Alikuwa ndani ya mkono wa shati.

Nikajikaza kiume. "Lava ana miguu sita," nikasema, mwenzangu anapita kiwiko, taratibu, hana haraka na mtu, vile vidole vya kunata vinabandika na kubanduka kimoja kimoja. "Mkubwa ana minane." Kafika kwapani. Wa baridi kama kijiko kilicholala friji, na miguu yake yote minne naihesabu kwa ngozi. Akatulia. Na mimi nikatulia. Dokta akauliza hizo jenasi mbili nazitofautishaje, nikajibu kwa sauti ambayo siijui ni ya nani, "Pterygosoma upana unazidi urefu, halafu tunaangalia vinywele kwenye mashina ya mi..." akashuka ubavuni kuelekea mkandani.

Jamani. MKANDANI.

Shati lilitoka na vifungo vyake, nikapanda stuli nikimwita bibi yangu, dada mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu, mjusi akatokea mguu wa suruali akaenda zake chini ya kabati. Basi.

Hosteli sasa hivi hakuna anayekalia kitanda changu, nimewaambia hao wadudu wanamtaka mjusi, hawana shida na binadamu, hawaelewi (na mimi naandika huku najikuna).

Na dokta? Watu wako juu ya meza, yeye kaokota mkia kwa kibanio, kautumbukiza kwenye spiriti. "Huu nao una magamba, haujakaguliwa. Vaa shati uendelee."