Anayegoma kuhama Windows ana hoja

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mjadala wa kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, umechacha. Kuna wanaosema muda umewadia: kompyuta ni yako, mfumo ni wa bure, unangoja nini? Na kuna wanaowasikiliza, wakaitikia kwa kichwa, kisha kesho yake wakawasha Windows ile ile. Hawa wa pili hawana msemaji. Wanaitwa wavivu, waoga, mateka wa mazoea. Mimi ni mtumiaji wa Linux mwaka wa tisa sasa, na bado naona wanaonewa.

Kwanza niwape wahamaji haki yao, maana hoja yao ya msingi haijibiki kirahisi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haiingii rasmi kwenye kompyuta isiyo na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote za kabla ya kizazi cha 8, kilichoanza kutoka 2017, zimeachwa nje. Kwa hiyo laptop ya 2016 yenye kibodi kizima, kioo kisicho na mkwaruzo na diski ya SSD iliyoongezwa baadaye imetangazwa mzee na kampuni ambayo haikuiunda. Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, inaipokea mashine hiyo hiyo yenye RAM ya GB 4 na kazi zinaenda. Anayesema kuitupa ni dhambi, simbishii. Microsoft wenyewe waliongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi, hadi 13 Oktoba 2026, ambao unaupata kwa kukubali kuingia kwa akaunti yao, kisha kulipa au kuweka nakala ya mipangilio yako kwao. Huko ni kuvuta pumzi tu. Na wapo ambao wamechoshwa, basi: matangazo kwenye menyu ya Start, na kudaiwa akaunti ya mtandaoni kabla hujaiona hata skrini ya kwanza ya kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako.

Hayo yote ni majibu ya swali la mashine. Anayegoma huwa anauliza swali la kazi.

Namfahamu dada mmoja mhasibu aliyeshawishika akahama Ijumaa jioni. Mmoja wa washawishi nilikuwa mimi. Jumamosi Wi-Fi ilishika mara moja, printa ikaonekana yenyewe bila kutafutiwa draiva, na Jumapili alikuwa ananitumia picha za skrini kwa furaha. Jumatatu akafungua ripoti ya kurasa 40 aliyokuwa ameiandika kwenye Word, kwa fonti iliyokuja na Office yake. Kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure alizozikuta ndani ya Linux, fonti ile haikuwepo. Programu ikikosa fonti haipigi kelele. Inachukua nyingine inayokaribiana na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Herufi za hiyo mbadala zilikuwa pana kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini neno la mwisho kwenye mstari likashuka, aya ikaongezeka mstari, nusu ya jedwali ikasukumwa ukurasa wa pili, kichwa cha habari kikabaki peke yake chini ya ukurasa kama mtu aliyeachwa na basi. Kurasa 40 zikawa 43.

Akarekebisha alichoweza, akasasisha orodha ya yaliyomo ili nambari za kurasa zilingane, akamtumia mkuu wake. Mkuu ana Word na ana fonti. Kwake ripoti ikajikunja ikarudi kurasa 40. Orodha ya yaliyomo haikujikunja, kwa sababu ndani ya faili imehifadhiwa kama maandishi ya kawaida na haijipangi upya mpaka mtu aiamuru. Kwa hiyo mkuu alisoma kwamba sura ya mwisho inaanza ukurasa wa 41, kwenye ripoti isiyo na ukurasa wa 41. Swali lake lilikuwa fupi: hii uliikagua?

Najua majibu yanayokuja hapa. Nimeyatoa mwenyewe mara nyingi. La kwanza ni fonti. Calibri, iliyokuwa chaguo la kawaida la Word tangu Office 2007 hadi Aptos ilipochukua nafasi yake 2023, ina pacha wa bure anayeitwa Carlito. Umbo la herufi zake linatofautiana kidogo, lakini upana wa kila herufi ni ule ule, hivyo mistari inakatika palepale. Cambria ina Caladea. Times New Roman na Arial zina ndugu zao katika familia ya Liberation. Ni kazi ya kiungwana, na wengi wanaohama salama hawajui kwamba wameokolewa nayo. Ila si kila fonti ina pacha, na mtu hagundui kwamba yake haina mpaka siku ya kutuma.

La pili: tuma PDF. Shauri zuri kwa hati iliyokwisha. Ripoti ya kazini haijaisha mpaka watu watatu waipitie, kila mmoja akate na kuongeza kwa rangi yake, wakiacha maoni pembeni. PDF inamwambia mkuu kwamba asiiguse, na mkuu anataka kuigusa.

La tatu ndilo la kanuni: kosa ni la Word, faili za LibreOffice zinafuata kiwango cha wazi cha kimataifa, ODF, kilichopitishwa na ISO tangu 2006, na kila mtu angekifuata tusingekuwa na shida. Ni kweli tupu. Lakini muundo wa faili wa Microsoft nao ulipewa kiwango chake cha ISO mwaka 2008, na hata kama usingepewa, mhasibu wangu hawezi kuingia ofisini kwa mkuu wake Jumatatu asubuhi na kumfundisha historia ya viwango.

Hapo ndipo naona mjadala mzima unapopinda. Gharama ya kuhama haitegemei sana ubora wa mfumo unaouendea. Inategemea nani anapokea kazi yako, na kama unaweza kumwambia abadilike. Bosi akihama, ofisi nzima inahama naye, na faili zikiharibika zinaharibikia kwao wote na dawa inatafutwa. Mdogo akihama, anahama peke yake, na kila kinachoharibika ni uzembe wake. Mtu huyo akigoma amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Wahamaji wanapenda kutaja Gendarmerie ya Ufaransa, na wana haki ya kujivunia: makumi ya maelfu ya kompyuta za jeshi lile la polisi zinaendeshwa kwa toleo lao la Ubuntu, ambayo nayo ni Linux. Kinachorukwa ni mpangilio wa safari yenyewe. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi, wakaweka OpenOffice, ndugu ya LibreOffice, wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka 2006 wakaleta kivinjari cha Firefox na programu ya barua ya Thunderbird. Mfumo endeshi walianza kuugusa 2008, wakati askari tayari alikuwa anaandika, anasoma barua na kuvinjari kwa programu zile zile atakazozikuta upande wa pili. Kilichobadilika siku ya kuhama kilikuwa karibu ukuta tu. Samani zilishahama zamani. Tena lile ni jeshi. Amri ikitoka, anayetuma na anayepokea wanahama pamoja.

Upande wa pili wa mjadala hupenda kutaja Munich, Ujerumani. Jiji liliamua kuhamia Linux 2003, licha ya Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, kukatiza likizo na kwenda mwenyewe kumwona meya. Mradi ulitangazwa kukamilika 2013, kompyuta zipatazo 15,000 zikiwa kwenye Linux, na 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wengine wanasema ni siasa, kwani makao makuu ya Microsoft ya Ujerumani yalikuwa yamehamia jijini humo mwaka mmoja kabla. Wengine wanalaumu idara za kompyuta za jiji zilivyokuwa zimegawanyika. Yote mawili yana ushahidi wake, wala sitaki kuamua. Nachukua lalamiko moja lililorudiwa na wafanyakazi wenyewe: mabadilishano ya hati na taasisi za nje ya jiji. Munich ilikuwa bosi kwake na mdogo nje ya kuta zake.

Jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, linaelekea limesoma kitabu cha Ufaransa. Lilipotangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake 30,000 zitaachana na bidhaa za Microsoft, lilianza na LibreOffice, likaja kwenye barua pepe, na mfumo endeshi ukawekwa nyuma kwenye foleni.

Kuna kundi ambalo utetezi wangu haulihusu. Ni watu ambao kompyuta yao ni kivinjari: barua, video, benki, hati za mtandaoni, vyote kwenye kichupo. Hao wakiniuliza nawaambia hameni leo, hamtaona tofauti zaidi ya rangi. Wacheza gemu nao hali yao imebadilika sana tangu kampuni ya Valve itoe Proton, programu inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, mwaka 2018, isipokuwa kwa gemu za ushindani kama Valorant na Fortnite, ambazo mifumo yao ya kuzuia udanganyifu haitaki kusikia habari za Linux. Na anayeishi kwa Photoshop, ambayo haina toleo la Linux, anajua jibu lake bila mimi.

Waliobaki, wale wenye faili na wakuu, huambiwa wajaribu kwanza kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ushauri mzuri. Flashi itakuonyesha kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na laptop inalala ukifunga kifuniko. Haitakuonyesha mkuu wako atasema nini. Jaribio la kweli ni kusakinisha LibreOffice ndani ya Windows hiyo hiyo na kuishi nayo miezi mitatu, huku Word ikiwa bado ipo jirani. Kila faili linalokulazimisha kurudi Word, liandike jina. Orodha hiyo ndiyo bei yako, na kila mtu ana yake. (Siku ukifika kwenye diski yenyewe, nakili kwanza ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data ya diski, pahali nje ya kompyuta hiyo. Wapo wanaogundua kwamba diski yao imefungwa kwa siri wakati Windows inawauliza tarakimu 48 ambazo hawajawahi kuziona.)

Mhasibu alirudi Windows baada ya siku kumi na moja. Nilipomtembelea mara ya mwisho, laptop ni ile ile, ipo kwenye mwaka wa nyongeza wa viraka. Barua anasoma kwa Thunderbird, ripoti anaandika LibreOffice kwa Carlito, na mkuu wake hajauliza kitu kwa muda mrefu. Orodha yake ya majina imebaki na faili moja, lahajedwali ya mishahara yenye makro, yaani amri za kujiendesha, zilizoandikwa na mtu aliyeacha kazi miaka mingi iliyopita, ambazo LibreOffice inaziendesha nusu halafu inakwama. Anaiandika upya, karatasi moja kila mwezi. Zimebaki nne.