Tumeacha Kumlaumu Mkoloni Lini?

Mjadala wa uhuru wa habari Tanzania ukianza, lawama ya kwanza humwendea mkoloni. Anastahili, ila kuna mengine tunamsingizia.

Mwingereza hakuogopa kila gazeti. Mambo Leo alilianzisha mwenyewe mwaka 1923, nalo likapendwa (safu yake ya mashairi, ambamo Shaaban Robert naye aliandika, ni hazina hadi leo). Alichoogopa ni gazeti lisilopita mkononi mwake. Erica Fiah, Mganda mkazi wa Dar es Salaam, alipotoa Kwetu mwaka 1937, Waafrika wa Tanganyika walipata pa kusemea pasipo serikali wala misheni.

Ikaja 1958. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa.

Ungedhani chama kilichoonja shubiri hiyo kingeifuta jinai ya uchochezi mara tu baada ya Uhuru. Wapi! Gazeti la Standard kutaifishwa Februari 1970 naweza kuelewa, maana lilikuwa mali ya Lonrho, kampuni ya Uingereza. Nyerere hata aliandika kwamba lina ruhusa ya kuikosoa serikali. Mhariri wake, Frene Ginwala, alidumu hadi 1971 tu. Aliondolewa baada ya tahariri iliyomshambulia Rais Nimeiri wa Sudan.

Halafu Sheria ya Magazeti ya 1976. Uchochezi ulibaki humo, pamoja na mamlaka ya kulifungia gazeti kwa kisingizio cha maslahi ya umma. Hiyo haikutungwa London. Ilipitishwa na Bunge letu, ikadumu miaka 40, na iliyoirithi mwaka 2016 nayo ikakibakiza kifungu cha uchochezi.

Mwaka 2017 Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa miezi 24 kila moja. Piga hesabu: adhabu ilimalizika 2019, lakini leseni zilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mseto na Tanzania Daima. Watu wakamshukuru waziri. Mimi sikuona cha kushukuru. Serikali iliyofunga ndiyo iliyofungua, na ilifungua kwa sababu safari hiyo ilitaka.