Ndege Waliogeuka Popo

Mguu wangu ulikuwa umeingia nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa balaa. Ungekataa kuingia kabisa, ningeitupa soksi uvunguni mwa kitanda na mambo yangeishia hapo. Ungeingia wote, ningepita nayo sebuleni nikijifaragua. Lakini vidole vimenaswa mbele, kisigino kimekwama nyuma, nami nimesimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba kama korongo, mkono kwenye kabati, ulimi kati ya meno, na nje ya mlango nasikia mkongojo wa bibi unakuja: ko, ko, ko.

Ngoja nianzie mwanzo.

Bibi, mama yake mama, tunaishi naye. Mimi huniita mume wangu, mke wangu humwita mke mwenzangu, na katika nyumba hii kauli ya mwisho ni yangu, nayo ni "sawa, bibi". Enzi zake alifuma kila kinachofumika. Siku hizi macho yamepunguza kazi na vidole vinamuuma, kwa hiyo sindano amezifungia kwenye kopo. Jioni moja akalalamika kwamba baridi inamwingilia miguuni. Sijui shetani gani alinipitia, nikajibu, "Bibi, nitakufumia soksi. Za mapambo."

Mke wangu aliacha kukunja nguo akanitazama. Mimi ndiye yule ambaye kifungo kikikatika navaa shati lingine.

"Za mapambo," bibi akarudia. "Umewahi kufuma hata kitambaa cha kufutia vumbi?"

"Ni hesabu tu, bibi."

Kazi yangu ni uhasibu, na nilipofungua kitabu cha mafunzo nilikuta hesabu kweli. Vitanzi 64. Sindano nne, kila moja inabeba vitanzi 16, na ya tano ndiyo inayofanya kazi. Mchoro wa ndege una upana wa vijisanduku 16, kila kijisanduku kitanzi kimoja. Sitini na nne gawanya kwa 16, unapata ndege wanne kuzunguka mguu, hakuna baki. Mhasibu akiona hesabu isiyo na baki huwa kama amepewa ishara. Kitabu kilishauri pia kwamba anayeanza aanze na skafu, na kwamba kabla ya soksi yoyote afume kwanza kipande cha kujaribia cha sentimita 10 kwa 10, ahesabu vitanzi kwa upana, vitimie 30. Ushauri huo niliupita kama tunavyopita masharti ya programu za simu: nimesoma, nimekubali, endelea.

Sindano tano zenye ncha pande zote mbili, ukizishika mara ya kwanza, ni kama umekabidhiwa nungunungu mgonjwa umbembeleze. Mbili unazitumia, tatu zinaning'inia zikilitafuta jicho lako. Ukiinama kuangalia upande huu, upande wa pili moja inachomoka taratibu, inaanguka sakafuni, ting!, na vitanzi 16 vinabaki hewani vimefumbua midomo kama makinda.

Mara ya kwanza nilipounganisha mduara sikuona kwamba ule mstari wa kuanzia umejisokota kwenye sindano. Msokoto ukishafungiwa ndani hautoki, hata ufume mpaka mwaka upinduke. Nilifika mzunguko wa 12 nikiwa nimeshika kitu chenye umbo la nambari nane, hakina ndani wala nje. Nikafumua. Hapo ndipo nilipogundua kuwa Kiswahili kilishanionya mapema: kati ya kufuma na kufumua kuna herufi moja tu. Kufuma kulinichukua jioni tatu. Kufumua, dakika nne, na sauti yake ni kama mtu anayekucheka kwa pua.

Ukingo wa juu, vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, ulikwenda salama. Kisha wakaja ndege.

Kufuma kwa rangi mbili kuna jambo moja usiloliona kwa nje. Uzi ambao si zamu yake haukatwi. Unatambaa nyuma ya kitambaa ukisubiri kuitwa. Mabawa ya ndege wangu yaliufanya uzi wa buluu usubiri hadi vitanzi tisa vyeupe. Mimi kila ukiitwa niliuvuta kwa nguvu zote, kwa kuwa mtu mwenye hofu hufuma kama anakaba koo. Sasa, kitambaa cha kufuma kinavutika kwa sababu vitanzi vina nafasi ya kupanuka. Ukishapitisha nyuma yake uzi uliokazwa kama kamba ya gitaa, umekifunga pingu. Sikulijua hilo. Niliona tu ndege wamekunja nyuso kama wamelamba ndimu. Nilipofika kwenye unyayo nikaamua kurekebisha, nikalegeza. Nikalegeza mno. Ndani ya soksi nyuzi zikaachia kama kamba za kuanikia nguo.

Kisigino, hatua niliyoiogopa kuliko zote, ndicho kilichonitii. Unafanya kazi na nusu ya vitanzi tu, 32, unapiga kibamba kifupi, halafu unafuma kupita katikati kidogo na kugeuka kabla hujafika mwisho, unarudi, unageuka tena, kila safari unameza kitanzi kimoja cha ukingoni. Unafuata maelekezo bila kuelewa, kama mtu anayesoma herufi za lugha asiyoijua, na ghafla mkononi kuna kikombe. Kikombe! Kitambaa kimejipinda chenyewe. Nilimwamsha mke wangu usiku wa manane kumwonyesha. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akageukia ukutani.

Usingizi ukiwa umeniruka nikaanza kusoma habari za soksi. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, zipo soksi nyekundu za sufu zilizotoka Misri, za kati ya karne ya 3 na ya 5, na mbele zimegawanyika sehemu mbili ili mtu azivae na ndara. Zilitengenezwa kwa sindano moja. Moja! Mimi nina tano, nina kitabu, nina taa ya umeme. Nikasoma pia kwamba mwaka 1589 kasisi mmoja wa Uingereza, William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi. Namwelewa kabisa yule mchungaji. Ni kazi ya mtu aliyechoka kuokota sindano.

Basi soksi ya kwanza ikaisha, nami kwa furaha sikungoja mtu. Nikajifungia chumbani kuijaribu kwenye mguu wangu mwenyewe, mguu wa viatu namba 44, wakati soksi ni ya bibi ambaye unyayo wake unaenea kwenye kiganja changu. Ukingo ukapita. Vidole vikapita kwa ndege. Kisigino kilipofika kwa ndege kikakuta wamekaba njia, nikasukuma, ndege wakanung'unika, kikaingia nusu. Wakati huohuo kule mbele kidole gumba kilikuwa kimepata kitanzi cha uzi uliolegea, kikaingiza kichwa, wenzake wakamfuata kila mmoja na kamba yake. Nikisukuma, nyuzi zinakata vidole. Nikivuta, ndege wamebana kisigino. Nikarukaruka kuelekea kitandani nikapigana bega na kabati, hanga zikaanguka zote.

Ko, ko, ko. Mlango ukafunguka.

"Mume wangu," bibi akasema, "hiyo ngoma gani, na mbona unaicheza peke yako?"

Nyuma yake alikuwepo mke wangu, ameziba mdomo kwa khanga. Nimefuma nikafumua, na sasa nimefumaniwa.

Bibi akanikalisha kitandani, akauchukua mguu wangu mapajani mwake kama mtu anayetaka kukata kucha za mtoto. Akapenyeza vidole viwili ndani ya soksi, macho ameyafumba kwa sababu hayakuwa na kazi pale, akawa anakitafuta kidole kimoja, anakirudisha nyuma, anakitoa kwenye kamba, anahamia kingine. Ndivyo anavyotolewa mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye ua: husukumi, unamrudisha alikotoka. Cha tano kilipotoka soksi ikateleza yenyewe, na kwenye mguu wangu zikabaki alama nyekundu za ndege wanne.

Akavaa miwani, akaisogeza soksi dirishani.

"Hawa ni akina nani?"

"Ndege, bibi."

"Mbona miguu juu?"

Nikaangalia. Nikaigeuza soksi. Nikaigeuza tena. Kitabu kilisema mchoro usomwe kutoka chini kwenda juu, nami niliusoma hivyo kwa uaminifu mkubwa, miguu kwanza, tumbo, kichwa mwisho. Lakini soksi yangu ilianzia juu, kwenye ukingo, ikashuka kuelekea vidoleni. Nilipokuwa nafuma, ukingo ulikuwa unaning'inia chini na kila ndege alisimama wima mbele yangu, anapendeza. Mtu akivaa, dunia inapinduka. Ndege wote wanne wanatembea darini.

"Ndege gani anayelala hivi?" bibi akauliza.

"Popo."

"Popo si ndege."

Mke wangu alikiri jioni hiyo kwamba aliwaona tangu yule wa kwanza. "Nilidhani ni popo kweli," akasema. "Nikajiuliza tu, za bibi, kwa nini popo?"

Bibi akanifundisha kwa maneno, mikono yake akiwa ameikunja. Uzi wa nyuma umpishe mwenzake, usimnyonge. Kila baada ya vitanzi vinne au vitano uvuke, upite chini ya ule unaofanya kazi, ushikwe hapo, ili kidole kisipate mlango. Na mabega yashuke. "Umekaa kama unasubiri kuchapwa."

Nikafuma soksi ya pili mabega yakiwa chini. Chini sana. Nilifuma nikisikiliza mpira redioni, nikafuma nikipiga soga, nyuzi zikawa zinapita vidoleni kama maji. Mchoro nikaugeuza, ndege wakakaa kichwa juu. Nikajiona fundi. Ilipoisha nikaiweka kando ya mwenzake, na ukimya uliofuata mle chumbani siusahau.

Nikachukua rula, nikafanya mwishoni kile nilichoambiwa nifanye mwanzoni. Soksi ya kwanza, ya mtu mwenye hofu, ilikuwa na vitanzi 34 kwa kila sentimita 10, yaani mzunguko wa karibu sentimita 19. Ya pili, ya mtu aliyestarehe, vitanzi 24, mzunguko karibu 27. Idadi ya vitanzi ni ileile, 64, mfumaji ni yuleyule, kilichobadilika ni mabega. Moja ilikuwa ya kitoto. Nyingine ungeweza kumfunika nayo paka, akabaki na nafasi ya kugeuka.

Ningemweleza bibi angenisaidia. Lakini nilikumbuka nimewahi kusikia kwamba sufu hupungua ikioshwa na maji moto, na mhasibu ndani yangu akaamka: 27 toa 8, ni 19. Nikaitia ile kubwa kwenye mashine ya kufulia, nyuzi joto 60, na taulo mbili za kuisindikiza, nikakaa mbele ya kioo nikiitazama inavyozunguka, nikiwa na mpango wa kuisimamisha ikifika saizi. Mashine ile ikishafunga mlango haifungui kwa kubembelezwa.

Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno kuonekana kwa macho. Ukiupa maji moto, sabuni na msuguano, magamba yanaingiliana, na kila yakisuguana yanazidi kukazana. Hakuna kufumua hapo; herufi yangu ya akiba ilikuwa imeisha. Kilichotoka kilikuwa kitu kinene, kigumu kama kofia, urefu wa kiganja. Vitanzi nilivyovihesabu jioni 20 havikuonekana hata kimoja. Ndege wamekuwa madoa ya buluu.

Nikavipeleka vyote viwili kwa bibi kama mshtakiwa anayepeleka vielelezo.

Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Ile ya kwanza alikuwa ameshaiomba siku mbili kabla. Ameilowesha kwenye maji ya baridi, ameivuta taratibu, ameikausha juu ya kipande cha boksi alichokikata kwa umbo la mguu wake. Akaketi kitandani, akanyoosha miguu, akaivaa. Ilikuwa imebana kidogo pale kwa ndege, lakini mguu wa bibi umekonda, ukapita.

Akautazama mguu wake muda mrefu.

"Wewe," akaniita. "Si ulisema wako kichwa chini?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona mimi nawaona wamesimama?"

Nikazunguka nikakaa pembeni yake, nikanyoosha miguu yangu sambamba na yake. Kweli. Ukijiangalia mguu wako mwenyewe uliounyoosha, ukingo wa soksi uko karibu nawe na vidole viko mbali, na ndege walikuwa wima, midomo juu, mabawa wazi. Nikarudi mbele yake nikasimama: popo. Nikarudi kitandani: ndege.

"Unawaona vile kwa sababu soksi si zako," akasema.

Kisha akaichukua ile ndogo, akaibonyezabonyeza, akavua miwani na kuitumbukiza ndani. Ikaenea kama ilipimwa. Akaiweka chini ya mto.

"Hii nimeipokea. Ila mguu wa kushoto unauliza mwenzake anafika lini."

Jana nimeanzisha vitanzi 64, mabega kati na kati, mchoro kama ule wa kwanza kabisa, miguu kwanza. Kipande cha kujaribia nimekifuma, kimetoka na vitanzi 31, tusigombane kwa kimoja. Sindano ninazo nne. Ya tano iko mahali fulani kwenye kochi, na tangu jana usiku hakuna mtu anayekaa.