Penzi lililoanzia msibani

Wawili waliofiwa wakipendana, maneno hayakosi: hilo si penzi, wanafarijiana tu, machozi yakikauka kila mtu atashika njia yake. Wasemao hivyo hawajakurupuka. Majonzi humnyima mtu usingizi, na yeyote atakayemkumbatia wakati huo huonekana mkombozi.

Hoja yao hupenda kuegemea jaribio la wanasaikolojia Dutton na Aron la mwaka 1974, karibu na Vancouver, Kanada. Mwanamke aliwahoji wanaume kwenye daraja la kuning'inia linaloyumba, kisha akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 walioipokea, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara, walipiga 2 kati ya 16. Eti mwili ukitikiswa, moyo hudanganyika.

Sawa, lakini kilichohesabiwa pale ni simu, si penzi lililodumu. Tena ile ilikuwa hofu ya dakika chache, inayoisha mtu akishafika ng'ambo. Msiba hauishi hivyo. Aliyekaa na mwenzake mwaka mzima wa majonzi ameshamwona akifoka bila sababu, akisusa chakula, akilia mbele ya watu. Wachumba wangapi huoana wakiwa wameonana hivyo? Na kati ya wafiwa hawa hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini namba ya marehemu bado ipo kwenye simu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; hawa wamekilalia wote wawili.

Hatari ninayoiona mimi iko kwingine. Watafiti wa majonzi Stroebe na Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anaomboleza, kesho anahangaikia maisha mapya. Hakuna kinachohakikisha kuwa wawili watakwenda sambamba. Siku moja mmoja anataka kubadilisha mapazia, anacheka kwa sauti, na mwenzake anakisikia kile kicheko kama usaliti. Kama mazungumzo yao yote yalikuwa ya marehemu, hapo wenye shaka watakuwa wamesema kweli. Lakini wakivumiliana kupona kwa mwendo tofauti, sioni kwa nini penzi lao lihesabiwe dhaifu kuliko la waliokutana harusini.

Ningewashauri wasikimbilie ndoa, ila si kwa kuwa penzi lao ni bandia. Ubaya wa mwenzake kila mmoja ameshaujua. Bado hajamwona akiwa na furaha.