Shemeji wa Dakika ya 88

Leo asubuhi mama watoto amenikuta jikoni nimeishika simu kwa kile kitambaa chake cha kuepulia sufuria. Hakuuliza kitu. Alinitazama, akakichomoa kitambaa mkononi mwangu, akaenda zake. Ndoa ya miaka 16 ina lugha zake.

Lakini simu ilikuwa ya moto, jamani. Moto wa kweli, pale nyuma karibu na kamera, moto wa kuanikia omena. Na hii si simu ya mulika mwizi. Hii ni simu ya laki na ushee, ninayoilipia kila siku kama mtu mwenye meza soko la Kibuye, na siku nikichelewa inajifunga yenyewe na kuniachia kioo cheusi nijitazame sura. Kampuni sitaitaja. Sina wakili.

Chanzo ni mpwa wangu. Yuko chuo, anasomea kitu ambacho kila nikimuuliza jina lake limebadilika. Mimi nilikuwa nimejiwekea pesa ninunue PS4 ya mtumba, yaani PlayStation, ule mtambo wa kuchezea michezo kwenye TV, kwa ajili ya watoto. (Watoto wenyewe ni mimi.) Mpwa akaja nyumbani, akala samaki wangu mpaka kichwa, akajifuta mikono, akasema, "Anko, hayo masanduku yamepitwa. PS iko ndani ya simu siku hizi."

Akaanza kutoa ushahidi. Kwamba mwaka 2023 Apple walitoa iPhone 15 Pro yenye chipu ya A17 Pro, na Resident Evil Village, mchezo wa kutisha wa mapepo, ikaingia humo ndani, mchezo wenyewe wa PS5, si katuni yake. Kisha Resident Evil 4. Kisha Assassin's Creed Mirage. Nikamwambia kama ni nyumba yenye mapepo na mwenye nyumba asiyeeleweka, mimi naishi humo tangu 2014 na kodi nalipa. Akaona hajanipata, akaitoa Nintendo Switch, mtambo wa michezo wa kubeba mkononi, mfukoni mwa maneno yake: ya mwaka 2017, chipu yake Tegra X1 ya Nvidia, ukoo mmoja na zile za tableti, na zimeuzwa zaidi ya milioni 150. "Sasa anko, simu za bei ya juu leo zina nguvu kuliko hiyo. Unabisha nini?"

Nikanyamaza. Mtu wa umri wangu akinyamaza mbele ya mpwa wake, ujue ameshanunua.

Ya bando siyataji. Mchezo mmoja wa maana unakula gigabaiti makumi. Nilianza kuupakua Jumatatu kwa bando la usiku, Alhamisi bado tulikuwa tunasalimiana. Ya tokeni za stima pia mnayajua.

Twende Kondele, hapa Kisumu.

Kuna kibanda cha PS pale, mabati matupu, TV mbili, feni moja inayopepea ukuta. PS4 yao inanguruma kama poshomili siku ya soko. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: mechi shilingi 20, aliyefungwa atoke. Mwenye kibanda ni mama anayekaanga mandazi mlangoni, hajashika padi ya kuchezea hata siku moja, ila ofsaidi anaisikia kwa sikio. Mchezo ni FIFA. Jina hilo EA, watengenezaji wake, waliliacha mwaka 2023, lakini Kondele hatujaletewa barua.

Nikaingia Jumamosi jioni na shati la kanisani. Vijana wakageuka wote.

"Jaduong'," yaani mzee, "unamtafuta mtoto gani?"

"Simtafuti mtu. Nimekuja kucheza."

Kimya. Hata poshomili ilipunguza. Nikaitoa simu, nikaiweka mezani taratibu kama cheti cha shamba, nikatoa hotuba. Niliwaambia kwamba hilo sanduku wanaloliabudu lilitoka 2013, kwamba teknolojia imesogea, kwamba nitaichomeka simu hii kwenye TV yao na wataona. Kijana mmoja mwenye jezi ya Gor Mahia, timu yetu ya mpira, akasema, "Sawa, mzee, chomeka." Yule kijana ndiye aliyeniharibia. Angebisha, ningeenda nyumbani na heshima yangu.

Nikachomeka waya. TV ikasema hakuna kitu. Nikageuza upande. Hakuna kitu. Kumbe waya zinafanana kwa nje kama mapacha, moja inapitisha picha, nyingine inapitisha chaji tu, na mimi nilikuwa nimekuja na ya chaji. Mtoto akatumwa kwa fundi wa simu ng'ambo ya barabara, akarudi na waya wa kukodi, shilingi 100, mandazi mawili ya mtoto juu yake. Tukachomeka. Picha ikaja! TV nzima ikajaa kioo cha simu yangu, wakapiga makofi, mimi nikarekebisha kola.

Na hapo hapo, juu ya TV ya inchi 43, ukashuka ujumbe wa grupu la kamati ya mazishi: WAFUATAO HAWAJATOA MCHANGO. Jina langu lilikuwa la kwanza. Hawakupanga kwa alfabeti. Walipanga kwa uchungu.

Mama wa mandazi akasoma kwa sauti. Nilikuwa sijui kama anasoma.

Nikafuta. Ukaja mwingine, wa mkopo wa simu: mteja mpendwa, lipa leo. Nikafuta. Nikaomba padi. Hii nilikuwa nimeisoma: padi ya PS4 inaunganika na simu tangu 2019, unashikilia kitufe cha Share na kile cha PS kwa pamoja mpaka taa imetamete. Ikametameta. Ikaungana. Nikaishika ile padi, mpira wa kijiti umekwanguka mpaka plastiki, alama ya X imefutika kwa vidole vya nusu ya Manyatta, ila gumba likakaa mahali pake lenyewe, kama mguu ndani ya ndara ya zamani. Nikafungua mchezo wangu wa mpira. Mchezo ukaniandikia: gusa kioo kuanza. Nikabonyeza X. Gusa kioo. Nikabonyeza vyote. Gusa kioo, mzee. Kumbe simu inaijua padi, lakini mchezo hauijui. Aliyeutengeneza hakuiwekea padi nafasi.

Basi nikairudisha padi. Padi nayo ikawakataa wenyewe! Imeshaolewa na mimi. Ikabidi watafute waya waichomeke kwenye PS ndipo ikumbuke kwao ni wapi, na waya huo ulikuwa umechukuliwa na mtu wa kuchaji spika. Kijana wa Gor akakaa chini akanitazama vile mjukuu humtazama babu aliyepoteza ufunguo wa nyumba.

Nikacheza kwa kioo. Sasa sikilizeni vizuri, maana ndipo mpwa wangu alipolala. Ukiitazama TV, huioni simu. Na kioo hakina kitufe. Kina mchoro wa kitufe. Padi hata ukiwa gizani gumba linajua liko wapi, linapapasa, linakuta kingo, kinundu, kijiti. Kioo ni kioo tu, laini toka Kondele mpaka Mamboleo. Nikitazama TV, gumba langu linahama kidogo kidogo bila kuniaga, nabonyeza pasi kumbe nabonyeza nyasi. Nikitazama simu, gumba hilo hilo limemfunika golikipa wangu, na TV niliyoikodia waya haina kazi. Nilikuwa nainua kichwa na kuinamisha kama kuku anayekunywa maji. Na mikono ilikuwa na mafuta ya mandazi.

Mpinzani alikuwa mtu wa intaneti, sijui wa wapi. Hata hivyo nilimfunga moja. Naapa. Nilikusudia kross.

Dakika ya 60 simu ikaanza kuchoka. Hii kitu haina feni, nawaambia. PS5 ile ya kwanza ya 2020 ina kilo 4.5, na ndani yake mna vyuma na feni kubwa ya kutoa joto, maana ikicheza inakula karibu wati 200. Simu haifiki gramu 250, joto lake linatokea wapi? Linatokea kwangu. Kiganja changu ndicho rejeta. Ikishindwa kutoa joto inapunguza mbio yenyewe isijiunguze, na mwanga wa kioo inaupunguza pia. Dakika 10 za mwanzo nilikuwa na PS mkononi kweli, picha inateleza kama mafuta. Baadaye winga wangu alikuwa anageuka kama basi la usiku kwenye kituo cha Kisumu.

Na chaji? Tundu ni moja. Ukichomeka TV, huchaji. Asilimia 19.

Dakika ya 88, tukiwa tumefungana bao moja moja, nikapata penalti. Kibanda chote kikasimama, hata wale waliokuwa wananicheka. Mama akaacha mandazi yaungue. Nikafuta gumba kwenye shati la kanisani, nikalipeleka kwenye kioo.

TV ikageuka shemeji.

Uso mzima, inchi 43, ile picha aliyopiga harusini na miwani ya kuazima. SHEMEJI ANAPIGA. Na milio juu. Nikakata. Akapiga. Nikakata. Huku mchezo wa intaneti haumsubiri mtu, hauna pozi. Muda wa kupiga penalti ukaisha ukanipigia wenyewe, mpira ukaenda Uganda. Akapiga tena. Nilipoirudisha picha yule mtu wa intaneti alikuwa anashangilia bao la pili, mchezaji wake anateleza kwa magoti.

Hapo nilipandwa. Niliwaambia wale watoto wa watu, kwa sauti ambayo si ya shati lile, kwamba sitaki chipu! Chipu inatosha, chipu ilishatosha zamani! Nataka kitu chenye kazi moja, kikiwa kazini kisikumbuke nyingine! PS haina shemeji! PS haipo kwenye kamati ya mazishi! Hakuna mtu amewahi kumdai Switch mchango wa jeneza!

Nusu ya hotuba stima ikapotea.

Giza. Poshomili kimya. TV zote mbili zimekufa. Kitu pekee kilichobaki hai Kondele nzima ni simu yangu, inang'aa mkononi, asilimia 11. Kwa dakika moja nilikuwa nimeshinda mjadala, nawaambia, hakuna sanduku lolote duniani lingejibu hoja hiyo. Nikafungua mdomo niiseme.

"Jaduong'," akasema mama, "hebu nimulikie hapa nihesabu pesa."

Nikammulikia. Kisha nikamulika waya wa padi ukitafutwa. Kisha nikamsindikiza mtoto kwa fundi kurudisha waya wa kukodi. Ikazima nikiwa katikati ya barabara.

Mpwa nilipomsimulia akasema nilipaswa kuzima data za WhatsApp, kuweka simu isipokee, kununua kipoozeo cha kubandika mgongoni na padi ya kubana pande mbili. Yaani ninunue feni, ninunue vitufe, nifunge laini ya simu. Nikamuuliza, hicho kitu kikishakamilika si kinaitwa PS? Akasema mimi ni mtu wa Nokia. Ni kweli, na sioni aibu: ule mchezo wa nyoka wa 1997 ulikuwa na vitufe vyake na haukuunguza mtu. Nokia hao hao 2003 walileta N-Gage ya michezo, kubadilisha mchezo mpaka utoe betri, kuongea mpaka uisimamishe kwa ubavu sikioni kama mtu anayesikiliza sambusa. Sony Ericsson wakaleta Xperia Play 2011, unaisukuma inatoa vitufe vya PlayStation kwa chini. Hao angalau waliuliza gumba. Leo nimeitafuta mjini yenye uzima, Oginga Odinga Street yote, kila fundi ananionyesha kava.

Nimempigia shemeji jana, kwa simu ya mama watoto. Mara 4 alinipigia, nikadhani kuna msiba mwingine. Alikuwa anataka kujua viti vya matanga ya mwezi uliopita vilirudishwa vingapi, maana vilikodiwa 50 na mwenye viti anasema amehesabu 47. Nikamwambia mimi viti sivijui, aulize upande wa kina mama, wao ndio walikuwa na lile daftari. Anasema daftari liko kwa mtu wa hema, na mtu wa hema hapokei simu.