Angalia ethi, angalia ethi, na mimi nitaangaliwa na nani?

Kuna watu wanapenda mziki afu wanausikiliza. Basi. Wanavaa hedfoni, wanafumba macho, maisha yanaenda. Mi nikaambiwa sauti ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani zinazowaka ndani, ina utamu wake, haina ukali wa transista, nikasema poa, naunda amplifaya ya hedfoni kwa mkono wangu mwenyewe. Yaani jamani, valvu yenye gridi, kale kawavu ka ndani kanakoongoza umeme, Mmarekani Lee de Forest kaileta 1906, watu wakahangaika nayo miaka na miaka mpaka transista, kikuzaji kidogo kisicho na chupa, ikatoka maabara ya Bell Labs Marekani 1947 wakapumua, michupa wakaiweka pembeni, dunia ikasonga mbele, mi ndo naenda kuifukua.

Mchoro umeandikwa juu kabisa, "saketi nyepesi kwa anayeanza". Anayeanza gani huyo? Mchoro una valvu mbili, ECC82 mbele inakuza sauti, nyuma 6080 inasukuma hedfoni. Hiyo 6080 sasa. Hilo dude hita yake inakula ampea 2.5 kwa volti 6.3, piga hesabu, karibu wati 16 zinaishia kupasha moto tu kabla hata noti moja ya mziki haijapita. Na hedfoni inataka nini? Miliwati! Miliwati chache tu unasikia kila kitu, ukizidisha unakuwa kiziwi. Ni kuwasha jiko zima la mkaa ili uchemshe kijiko cha maji.

Afu usiiguse. Volti 200 hivi ziko kwenye anodi, sahani ya ndani ya valvu, na ukizima swichi ukajua yameisha, kapasita, kile kitunza chaji, imezikalia pale kimya inakusubiri wewe. Ndo maana wazee wa valvu wanasema weka rezista ya kumwaga chaji, zima, chomoa, subiri, pima na mita kwanza, na wakati unapima mkono mmoja uwe mfukoni ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani toka mkono huu kwenda mkono ule. Sawa, nimekubali, mi nani nibishe. Nimeinama mezani mkono mfukoni, mke wangu anapita, "Baba Nanii, unatafuta chenji?" Nishindwe hata kumjibu maana kipande cha waya nimeking'ata mdomoni.

Ikawaka. Rangi ya chungwa, inapendeza kweli, hapo sisemi kitu. Nikavaa hedfoni.

Mmmmmmmmmm.

Mziki hakuna, kuna mmmmm. Nikauliza wajuaji. "Angalia ethi." Mtu hajaiona, hajaisikia, hajauliza hata valvu gani, angalia ethi. Nikakusanya waya zote za ethi, yaani za kwenda ardhini, zikakutana sehemu moja kama wanavyotaka, mmmmm. Nikasokota waya za hita zikakumbatiana, nikasogeza transfoma mbali na ECC82, mmmmm. Akaja mwingine na maswali ya daktari, eti huo mvumo wako ni wa hezi 50 au wa hezi 100, maana ukiwa 100 hayo ni makapi ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa njia moja, ongeza kapasita ya kuchuja, ukiwa 50 hiyo ni hita au ethi. Ndugu yangu, mi nasikia mmmmm! Sikio langu halina tarakimu.

Kumbe waya za hita zilikuwa zinaelea tu, hazijashikwa popote, na huo mchoro wao wa anayeanza haukusema lolote. Rezista mbili za ohm 100, moja kila upande wa hita, zote zinashuka ethi, mvumo ukakata palepale. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa ethi. Wamefurahi? Wamefurahi sana, tena mmoja alijifanya hajasikia ili nirudie.

Kimya kilipopatikana ndo nikamsikia mtu anaongea. Sijachomeka kitu! Anasoma habari, kwa utulivu kabisa, ndani ya amplifaya yangu. Eti waya wa kuingilia umejifanya antena na gridi ikampokea mgeni bila hodi. Dawa yake rezista ndogo ya ohm 1000, ilehemewe palepale kwenye pini ya gridi, sio pembeni, sio karibu karibu, palepale, yaani mahali ambapo kidole hakiingii na chuma cha kulehemu kikiingia lazima kiunguze kitu kingine. Mtangazaji akaondoka katikati ya habari za michezo, matokeo sijayajua mpaka leo.

Bado ECC82 ina masikio. Ukigonga meza, tiiiing! Mtoto akikimbia koridoni nasikia hatua zote, kushoto na kulia. Nikaivisha pete za mpira, ikapungua, ila mlango ukibamizwa bado inanipa taarifa.

Mziki ukaja sasa. Mwembambaaa. Besi iko wapi? Wajuaji wakauliza hedfoni zako ohm ngapi, yaani ukinzani wake, nikasema 32, wakatazamana. Kapasita yako ya kutokea ni mikrofaradi 100, kwa ohm 32 inaanza kukata besi kwenye hezi 50 huko, ungekuwa na hedfoni za ohm 300 ingeshuka mpaka hezi 5, na hiyo 6080 yenyewe haipendi kusukuma ohm 32. Hebu sikia maneno hayo! Kifaa nimekijenga ili hedfoni zangu zisikike vizuri, sasa tatizo ni hedfoni zangu. Nikaenda kuazima za shemeji, ohm 300, akanipa kwa masharti mengi kuliko ya mahari, besi ikarudi. Tamu, kweli, siwezi kudanganya, ile sauti ya mwimbaji unaisikia anavuta pumzi.

Ila majaribio yote hayo nilikuwa natumia deki ya zamani na CD moja ileile ambayo sasa nikiisikia hata kwenye harusi naondoka ukumbini. Mziki wangu wenyewe uko kwenye simu. Na simu haina tundu la hedfoni! Wameliziba, sijui liliwakosea nini.

Nikaenda kutafuta adapta. Kadude kadogo, hakafiki hata kidole. Kijana muuzaji, ana adabu zake, akaanza kunieleza, "Mzee hapa umepata, humu ndani kuna chipu inageuza dijitali kuwa sauti na amplifaya yake humohumo, hedfoni zako za ohm 32 kanasukuma bila shida, wala huhitaji tena kitu kingine cha..."

Nikamwambia funga. Usiendelee. We kafunge tu.