Barua ya mke mkubwa

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la nne huko kwetu Muheza na nusura nimvunjie kaka yangu ndoa kwa kalamu ya Bic.

Bibi yetu hakujua kusoma wala kuandika lakini kwa barua hakuwa na mpinzani. Wajukuu walishatawanyika, wawili Dar, mmoja Dodoma, na kaka, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa Mwanza kwenye kinu cha pamba, na kila mmoja lazima apate barua yake maana simu ilikuwa mpaka uende mjini upange foleni posta (enzi hizo posta na simu bado shirika moja) halafu huyo unayempigia naye simu hana. Mwandishi alikuwa dada. Dada alikuwa na akili, bibi akimwaga maneno yeye anachuja, anaweka "dhumuni la barua hii", mambo yanakaa sawa. Mwaka huo dada akaenda bweni, kalamu ikaniangukia mimi, na mimi shuleni nilishafundishwa kwamba imla ni kuandika unachosikia, usiongeze neno usipunguze.

Sasa kama umekulia kwetu unajua bibi na mjukuu wa kiume ni utani tu, wanaitana mume na mke. Bibi akakaa chini ya mchungwa, tambuu shavuni, akaanza. "Mume wangu, salamu sana." Nikaandika. "Mimi mkeo mzima, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Nikaandika. "Tangu uondoke kitanda changu kimelegea, hakuna mwanaume wa kukiwamba, nalala kama nimo kwenye mtumbwi." Nikaandika, na mtumbwi nikauchora pembeni. "Nasikia umeoa. Msalimie mke mwenzangu, mwambie mkubwa ni mimi. We hayawani, toka kwenye mchicha wangu!" Hapo alikuwa anamfukuza mbuzi. Nikaandika.

Chini nikaweka "ni mimi mkeo mkubwa". Neno bibi halikuwepo popote. Hakuniambia nimsomee, adhana ya alasiri ilishaanza, na bahasha gundi yake ilikuwa imekufa nikaibandika kwa ugali.

Ikaenda Dar, ikapanda treni ya reli ya kati, karibu wiki tatu hivi ndo ikafika, na kaka yuko kazini, kwa hiyo aliyefungua ni shemeji. Ndoa ina miezi minne na ukweni hajamuona hata mtu mmoja.

Majibu yakaja kwa sanduku la shule kama kawaida, na barua zilikuwa zinaitwa mstarini. Mwalimu wa zamu akaishika bahasha, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba, "Kwa anayejiita mke mkubwa, kwa mkono wa..." akataja jina langu. Mpaka namaliza la saba nilikuwa naitwa Mke Mkubwa.

Nikampelekea bibi. Kurasa tatu, wino mwekundu. Nikaanza kusoma huku sauti inatetemeka, "Wewe mwanamke, kama kitanda chako kimelegea tafuta fundi."

"Rudia hapo," bibi akasema. Nikarudia.

"Na hayawani ni wewe na ukoo wako wote."

"Kha! Nani kamwita hayawani?"

Nikamkumbuka mbuzi. Nikanyamaza. Bahati yangu bibi alikuwa bado yuko kwenye fundi, alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni, akafuta machozi kwa pindo la kanga, nikajua sasa tutaandika kuomba radhi. Akasema chukua kalamu, andika: "Fundi nimtakaye unaye wewe." Nikaandika bwana, imla ni imla.

Kilichofuata ni telegramu. Telegramu ilikuwa inalipiwa kwa neno na kaka ni bahili wa kuzaliwa, siku hiyo alilipia maneno manne: BIBI ACHA UTANI NAFUKUZWA.

Desemba wakaja wenyewe. Shemeji mrefu huyo, kanyooka, kaingia uani hata mkoba hajatua, macho yanazunguka yanatafuta mtu. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, meno ya mbele hayapo, mgongo umepinda, akasimama mbele yake anamfikia kifuani. "Karibu mke mwenzangu." Shemeji akamtazama kaka, akamtazama bibi, akapiga magoti palepale kuamkia, mabega yanatikisika, hujui analia au anacheka. Bibi akamshika mkono mpaka chumbani akamwambia kaa hapo, shemeji akakaa, kitanda kikammeza mpaka chini.

Mchana ule kaka alivua shati akawamba kitanda kwa kamba mpya ya makumbi, wake zake wawili wako mkekani wanamenya machungwa na kumwonyesha ambapo hajakaza. Halafu shemeji akauliza, kwa upole kabisa, sasa bibi yale mengine nimeelewa, ila hayawani ulinitukania nini? Bibi akageuka kunitafuta.

Nilikuwa nishafika kwenye migomba.